Mashine ya Kumsikiliza Bundala

Uliuona na ukapita. Usiniambie hukuuona. Ulikuwa umefungwa kwenye vijiti katikati ya mpunga, ukanda mweusi wa kaseti, ukimeta juani na kuvuma kila upepo ulipokuja, ukitishia kweleakwelea. Ulisimamisha pikipiki, ukanyoosha mgongo, ukautazama, ukawasha pikipiki ukaenda zako. Hukujiuliza ni sauti ya nani iliyotandazwa shambani kufukuza ndege. Ya mama yako? Ya mwalimu wa kwaya? Ya mtu aliyetaja mipaka ya shamba lake kwa kinywa kwa sababu hakuna aliyewahi kumshikisha kalamu? Ndivyo tulivyozoea kupita katika nchi hii. Kwenye njia ya misafara, kutoka Tabora kwenda Ujiji, wenye mizigo wamewekewa vibao ukutani. Waliobeba mizigo hawana hata kijiti kwenye kaburi. Umepita juu yao maisha yako yote, tena kwa mwendo wa kasi. Mimi sijasahau, na sitasahau ili wewe ulale vizuri.

Basi leo simama kidogo.

Jumatano asubuhi, Sajenti wa upelelezi Kabula Ngollo alifika kwenye duka la fundi redio kule Gongoni, mjini Tabora, bahasha ya kaki ikiwa kwapani. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umeshukia mji tangu alfajiri. Watu walipita barabarani nusu nusu, kichwa bila miguu, baiskeli bila mwenyewe, kisha wakayeyuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande. Ingia. Taratibu hapo, nusura ukanyage spika ya mchungaji."

Fundi Zuwena alikuwa na miaka sitini na kitu, miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na vidole vinavyonuka spiriti. Duka alilirithi kwa baba yake, pamoja na kila redio ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Zilipangwa hadi darini, kimya, kama abiria wa treni iliyosahauliwa stesheni.

Kabula alitoa kaseti kwenye bahasha akaishika kwa kingo zake.

"Nataka mashine ya kuchezea hii. Ndogo, ya kubebeka. Itumie betri, maana ninakokwenda hakuna umeme. Iwe na spika yake, watu wasikie kwa pamoja. Na isiitafune."

"Wewe unatafuta mume, hutafuti mashine," Zuwena alicheka. "Kaseti ya nani?"

"Ya Mzee Bundala wa Usinge."

Kicheko kilikatika. Habari hiyo ilikuwa imeshafika Gongoni. Mzee Bundala alifariki mwaka 1996. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo wiki chache kabla ya kufa alisema wosia wake mbele ya redio kaseti. Tangu hapo binti yake, Apolinaria, amelima na kufuga nyuki kwenye shamba la kisimani, ukingoni mwa msitu, na hakuna aliyemuuliza neno. Februari mwaka huu, Octavian, mtoto wa baba yake mdogo, aliiazima kaseti ili "aikumbuke sauti ya baba mkubwa". Juni akaitisha kikao cha ukoo, akaicheza, na wote wakasikia kwamba shamba la kisimani ni la Octavian. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana. Apolinaria akaenda polisi akasema kaseti imeghushiwa. Baraza la ardhi lingekaa Ijumaa hii. Likimkuta mikono mitupu, angetoka pale kisimani na mizinga yake kichwani.

"Umeshaisikia?" Zuwena aliuliza.

"Mara moja tu, siku Octavian alipoikabidhi mbele ya Apolinaria. Sauti ilikuwa inayumba mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeongea usingizini."

"Kwenye mashine gani?"

"Ya Octavian. Apolinaria alikuwa na ya kwake, ila Octavian alikataa. Alisema yake ndiyo nzima."

Zuwena alinyoosha mkono. Aliipokea kaseti, akaigeuza mgongo na kuipeleka kwenye mwanga wa mlangoni.

"Njoo uone. Haya matundu mawili huku mgongoni. Kaseti ikiwa mpya huwa na vijimeno hapa. Ukivivunja, mashine haikubali tena kurekodi juu yake. Vya mzee vilivunjwa vyote viwili. Sasa pitisha ukucha."

Kabula alipitisha ukucha. Tundu la kushoto lilikuwa kavu. La kulia lilinata.

"Gundi."

"Ya plasta. Mtu ameziba tundu, amerekodi, amebandua. Na gundi ya mwaka tisini na sita isingenata leo, afande. Ingeshakuwa vumbi."

Kabula aliandika hayo kwenye daftari, akamwonyesha Zuwena asome na kutia saini. Kisha fundi akatandika kanga kuukuu mezani na kupanga juu yake mashine nne.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, ya chuma cha buluu, yenye kibanio cha kuning'iniza kiunoni. Kabula aliinyanyua kabla hajaambiwa. Ilikaa kiganjani kama kitu kilichozaliwa humo.

"Hiyo ilikuwa ya kuringia," alisema Zuwena. "Vijana wa mjini walipita nayo hapa, huwasalimii wakasikia. Lakini haina spika, ni ya masikioni tu. Utawapimisha mmoja mmoja kama daktari?"

Kabula akairudisha taratibu. Ya pili ilikuwa ya plastiki inayoonyesha matumbo, imetoka Kariakoo mwaka jana.

"Mpya, ila imevalishwa nguo za zamani. Hedi yake, ile inayosoma ukanda, ni bati tupu. Inatafuna ukanda kama mbuzi."

Zikabaki mbili, bapa, zenye mkono wa kushikia na vitufe vilivyopangwa mbele kama meno. Waandishi wa habari walitembea nazo miaka hiyo. Moja nyeusi, safi, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nyingine ya kijivu, kona imevunjika, mlango wa kaseti umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kabula aliinyooshea ile nyeusi kidole.

"Umechagua koti," Zuwena alisema. "Ngoja tupime mwendo."

Alivuta kaseti moja kutoka kwenye mtoto wa meza. Baba yake alirekodi humo saa ya ukutani, kwenye mashine kubwa ya kwaya ya kanisa: mlio mmoja, sekunde moja. Akaitia kwenye ile nyeusi. Kabula alitazama saa yake ya mkononi na kuhesabu milio. Sitini ilimalizika katika sekunde hamsini na sita.

"Ina haraka. Ndani ya hii hata askofu atasikika kama katibu wake. Tujaribu ya kijivu."

Ya kijivu ilikoroma kidogo, ikatulia. Tik. Tik. Tik. Moshi ulikuwa umefika kizingitini, na ndani ya duka hakukuwa na kingine isipokuwa milio hiyo. Saa yenyewe ilivunjika zamani, na ukuta ulioibeba ulishabomolewa, lakini sekunde zake zilidondoka juu ya kanga moja moja, nzima nzima. Sitini kwa sitini. Walirudia mara tatu. Sitini kwa sitini.

"Hii," alisema Kabula.

"Sasa umechagua." Zuwena alipangusa hedi kwa spiriti, akabadilisha belti, akatia betri mpya na kupima tena. Haikubadilika. "Ila ukanda wenyewe umechoka. Usiuchezeshe ovyo."

"Dakika moja tu ya mwanzo. Sehemu yenye ugomvi nitaicheza mbele ya wote wawili."

Alitia kaseti ya mzee, akabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya haraka. *Mimi Bundala, nasema kwa akili zangu, wote msikie...* Kabula alizima.

"Mzee alikufa na miaka sabini na mbili."

"Huyu hajaanza kunyoa ndevu," alisema Zuwena. Alirudisha kaseti ya saa ndani ya mashine. Sitini kwa sitini. "Mashine haina kosa. Kaseti ndiyo iko hivyo."

"Basi imeghushiwa yote, mwanzo hadi mwisho."

"Na ikiwa ni hivyo?"

"Hakuna wosia. Shamba linarudi kwa ukoo. Wanaogawa katika ukoo ule ni wanaume, na mkubwa wao ni Octavian."

Zuwena alivua miwani. "Kwa hiyo hii niliyokupa ndiyo itamfukuza yule mama."

"Inawezekana."

"Na bado unaitaka?"

"Andika hapa kwamba uliipima mbele yangu, fundi. Tarehe na saa."

Treni ilimpeleka Kabula hadi Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoiacha ya Kigoma. Njia nzima mashine ilikuwa mapajani, imefungwa ndani ya kitenge. Nje miombo ilisimama katika moshi bila mashina, majani mekundu ya Septemba yakielea yenyewe. Reli hii ililazwa juu ya nyayo. Walipita hapa watu waliobeba pembe na shanga mabegani, na walipochoka waliachwa, na waliowaacha tunawaita wafanyabiashara wakubwa. Kisima cha Bundala kilichimbwa na hao waliochoka. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Mzee alikuwa akisema, naye aliambiwa na babu yake, na ndiyo maana leo sauti yake ilikuwa inasafirishwa kama mgonjwa.

Alhamisi asubuhi Kabula aliingia uani kwa Apolinaria, Usinge. Mwanamke mrefu wa miaka hamsini na tano, mikono ina makovu ya nyuki hadi kwenye viwiko.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala wapi, mbona macho yana reli?"

Octavian alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, miwani nyeusi usoni, simu mbili mkononi. Aliitazama mashine ikifunguliwa kitenge.

"Afande, serikali imekosa mashine mpaka imeokota hii?"

"Hii imepimwa mwendo. Ya kwako ilipimwa wapi?"

"Yangu haihitaji kupimwa. Watu waliisikia."

Majirani walijaa ukingoni mwa ua. Kabula alieleza atakachofanya, akawaonyesha namba ya kielelezo, akabonyeza. Sauti ikatoka, nyembamba, na kadiri ilivyoendelea ilizidi kupanda. Apolinaria aliziba mdomo kwa kanga.

"Jamani baba! Unaongea kama mtoto wa komunyo ya kwanza!"

Octavian alipiga makofi. "Haya, mmesikia wenyewe. Huyo si baba mkubwa. Kaseti ni takataka. Turudi kwenye mila za ukoo, tumalize."

Kabula alisimamisha mashine. "Juni uliapa kwamba ni yeye."

"Juni niliisikia kwenye mashine nzima."

"Kwa hiyo Juni sauti ilikuwa yake, leo si yake?"

"Mimi si mtaalamu, afande."

"Mtaalamu wa kukaa tu, tena na kiti chake," jirani mmoja alisema nyuma, na watu wakacheka kwa chini.

Kabula alimgeukia Apolinaria. "Siku mzee anarekodi, nani alibonyeza?"

"Mimi. Na mawe niliyateremsha mimi mwenyewe juani."

"Mawe gani?"

"Mawe ya redio, mwanangu. Betri." Apolinaria alinyoosha kidole juu ya banda la kuku. Juu ya bati, zimepangwa kama mihogo, betri nne zilikuwa zinaota jua. "Yakiisha nguvu tunayaanika, yanafufuka kidogo. Siku ile dukani hakukuwa na mapya. Niliyaanika tangu asubuhi, baba akaniambia lete haraka, niseme kabla hayajalala tena."

Kabula alitazama zile betri kwa muda. Kisha akaomba ziteremshwe. Zilikuwa za moto. Akatoa betri mpya kwenye mashine, akatia hizi, akaweka kaseti tupu, akabonyeza kurekodi na kuhesabu kwa sauti yake ya kawaida, moja, mbili, tatu. Alifika mia. Kwenye tisini gurudumu la kaseti lilikuwa linazunguka kama mtu anayesinzia.

Akarudisha betri mpya. Akacheza.

Moja ilikuwa sauti ya Kabula. Arobaini ilikuwa sauti ya binti wa shule. Kwenye themanini ilikuwa kifaranga, na ua wote ulikuwa umevunjika mbavu, Apolinaria akijifuta machozi.

"Mmesikia," Kabula alisema walipotulia. "Mimi sijaghushiwa. Mawe yakichoka, mashine inavuta ukanda polepole wakati wa kurekodi. Ukija kuusikiliza kwenye mashine yenye nguvu, sauti inakimbia. Mawe yanavyozidi kufa, sauti inazidi kupanda. Huyu ni Mzee Bundala, na alirekodi kwa mawe ya kuanikwa. Sasa tuendelee."

Octavian alisimama. "Mimi nina safari."

"Kaa, kaka," alisema Apolinaria. "Kiti ni chako."

Kaseti ya mzee ikarudi ndani. Sauti ilipanda juu ya shamba la mtama, juu ya ng'ombe wawili, juu ya mlango wa mninga uliopelekwa kwa mama mdogo, nyembamba, nyembamba zaidi, kama inatoka chini ya maji. *Na shamba la kisimani...*

*Ni la Octavian, mtoto wa mdogo wangu.*

Maneno hayo yalitoka mazito, ya mwanamume mzima, kama mtu ameingia chumbani. Kisha ile nyembamba ikarudi palepale ilipoachia: *...na mizinga ya msituni mgawane bila kelele.*

Hakuna aliyecheka. Nyuki mmoja alizunguka juu ya mashine, akaondoka.

"Walibadilisha mawe," Octavian alisema.

"Kwa sentensi moja?"

"Mimi nitajuaje?"

"Wakayatoa mapya, wakarudisha yaliyokufa, wakaendelea?" Kabula alizungumza bila kupandisha sauti. "Mwenye mawe mapya haaniki mabovu. Aliyesema maneno hayo alinunua betri mpya dukani, akaziba tundu kwa plasta, akarekodi. Alikumbuka kila kitu isipokuwa umaskini wa nyumba hii. Na kabla ya kikao alitafuta mashine ya kuchezea, kama nilivyotafuta mimi. Mimi nilitaka inayotulia. Yeye alitaka inayoyumba, ili sauti zote mbili zilewe pamoja. Uliinunua wapi ile redio, Octavian?"

Octavian alivua miwani. Bila miwani alikuwa anafanana sana na picha ya Mzee Bundala iliyotundikwa mlangoni.

"Nilipewa."

"Na nani?"

Octavian alikunja miwani. Kabula aliandika kwamba hakujibu. Akamwambia asivuke Kaliua kabla ya Ijumaa, akachukua simu zote mbili kwa hati, akarudi kukaa karibu na Apolinaria.

"Mama, nimepata kilichoingizwa. Sijapata kilichofutwa. Mzee alisemaje pale?"

"Alisema ni la Apolinaria, asihamishwe."

"Nakuamini. Lakini Baraza litasema wewe ndiye mwenye faida. Ukanda hauwezi kurudisha kilichofutwa. Bila maneno yale, shamba halina mwenyewe, na tutakuwa tumemfunga Octavian halafu ukoo ukakutoa wewe vilevile."

Apolinaria alitazama upande wa kisimani. Kisha akasema, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Baba alitaka wote wasikie. Tuliinakili. Kaseti tatu, pale Tabora, tukazituma kwa treni kama barua. Moja Nzega, moja Mpanda, moja Kaliua kwa mtu wa reli."

"Ziko wapi?"

"Waliopokea wamekufa wote. Vitu vyao viligawanywa msibani. Vilikwenda kwa watu."

Watu. Mmoja wao ni wewe.

Ni Alhamisi, saa saba mchana. Kabula ameketi chini ya ukingo wa bati, anapiga simu vituoni, na kila anayepokea anasema hajui. Baraza ni kesho saa tatu. Kaseti ya kutafuta ni nyeusi. Karatasi yake imekatwa kwenye daftari la mistari, imeandikwa kwa kalamu nyekundu BUNDALA KWA WOTE. Uligawiwa msibani, ikiwa ndani ya sanduku, pamoja na shuka na taa ya chemli, nawe ulichukua shuka. Sanduku liko chini ya kitanda, au darini, au kwa shangazi yako ambaye humpigii simu. Usiniambie utatazama Jumapili. Usiniulize Apolinaria ni nani kwako. Weka chini ulichoshika. Vuta sanduku, lifungue, mwaga vyote sakafuni. Ukiikuta usiitie kwenye mashine yoyote. Ifunge kwenye kitambaa kikavu uikimbize kituo chochote cha polisi kilicho karibu, useme ni ya Sajenti Kabula wa Tabora. Treni ya jioni haijaondoka. Inuka.